Kinyumenyume Hadi Kamion

Ilianza tulipoiacha Kaabong,
pale barabara inapochoka kujifanya barabara.
Kwanza niliyasingizia mabomba,
kumi na mawili, ya kisima, mgongoni mwa Landkruza.
Vikombe vya kabati moja, nikasema, havikosi kugongana.

Tukayafunga upya kwa mipira ya baiskeli.
Jeki nikaiviringishia koti langu.
Kuku wa Napeyok wakahamia mapajani pake,
na Komol, utingo wangu, nikamziba mdomo kwa chapati.
Kelele za uongo zikanyamaza zote.
Ikabaki moja.

Kang'.
Nikikanyaga mafuta, kang'.
Nikiachia, kang'.
Katikati yake kimya,
kama cha watu waliokuwa wakikuteta ukaingia.

Usikimbilie spana.
Difu ikiumwa huimba, wimbo mrefu wa puani,
na hupandisha sauti kila unapoongeza mwendo.
Beringi hunguruma. Mguu wa mbele ukichakaa
hutafuna karanga kwenye kona.
Hii haikuimba, haikunguruma, haikutafuna kitu.
Hii ilibisha hodi.

Shangazi Zamradi, fundi wa Bombo,
sikio lake la kushoto liliuawa na jenereta,
la kulia aliwawekea wateja wanaolipa.
Magari aliyasikiliza kwa meno:
ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kati ya magego,
macho kayafumba kama anayeonja chumvi.
"Meno hayana adabu," alikuwa akisema,
"yanasikia hata yasiyoambiwa."

Basi nikazima injini, gia nikaiacha ndani,
tukatega mawe mbele na nyuma ya magurudumu,
nikaingia uvunguni na bisibisi yangu mdomoni
huku Komol akilisukuma gari kwa bega, lende, lirudi.
Giaboksi: hakuna.
Transfa: hakuna.
Difu: kwa mbali, ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta.
Krosi ya propela ya nyuma:
kang',
ndani ya gego lenyewe, lile lililozibwa Arua.

Nikapitisha kidole. Unga mwekundu, mkavu.
Napeyok alichungulia akadhani ni ugoro.
Ilikuwa kutu. Sindano za beringi zimesagana
zikawa vumbi, hakuna hata harufu ya grisi.
Na daftari la gari, kwa mwandiko wangu, linasema: imepakwa.
Niliandika Jumamosi. Mvua ilikuwa inanyesha,
chai ilikuwa mezani.
Komol hajui kusoma mwandiko wangu.
Nilishukuru kwa hilo, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Bolti nane. Propela tukaivua, tukailaza juu ya mabomba
kama maiti ya mtu aliyekuwa mzito.
Nikaingiza fowili, magurudumu ya mbele yavute peke yao,
na tambarare yakavuta, bila hodi, bila neno.

Lakini kilima cha Kamion hakijali werevu wa mtu.
Mara ya kwanza tairi za mbele zilichimba.
Mara ya pili zilichimba shimo lilelile.
Mzigo wote umeegemea nyuma, pua imekuwa nyepesi,
tunarusha kokoto tu.
Napeyok, ambaye tangu asubuhi amezungumza na kuku peke yao,
akasema, "Geuza."

Nikageuza.
Tukapanda kinyumenyume, shingo yangu imepinda,
Komol akining'inia nyuma akiita kushoto, kushoto, jiwe!
Uzito ukashuka juu ya magurudumu yanayovuta,
yakang'ata udongo kama Zamradi na mpini wake.
Kwenye kioo cha mbele, uwanda tuliotoka,
na alama za matairi zikitoka chini yetu polepole,
kama mtu anayekiri kosa akianzia mwisho.

Watoto wa Kamion walipokewa na mabomba kwanza,
kisha kuku, kisha uso wangu.

Usiku, kwa tochi ya simu, nilifungua daftari
nikalifuta lile neno.
Raba ilikuwa kuukuu.
Karatasi ikatoboka.