Senti Mbili za Mgeni

Mimi ni karani wa mji. Kazi yangu kumbukumbu:
nani kasema, nani kaunga mkono, tumefunga saa ngapi.
Mengine hayaandikwi.

Jumanne ile, Tidwell Point, Karolina ya Kusini,
chini ya feni inayolia kama paka,
ilisomwa hesabu ya kodi ya ukarimu:
senti mbili katika kila dola ya mlo,
kamba juu ya uji mzito wa mahindi, chaza, bia,
senti mbili, senti mbili, senti mbili,
mpaka zikawa laki sita na arobaini elfu.
Fungu limenona. Kila mtu akameza mate.

Diwani Pruitt alitaka chemchemi yenye taa.
Bibi Haverty wa mahoteli alitaka fataki,
na mchanga wa kurudisha ufukweni, bahari imeula tena
(huula kila mwaka, nasi kila mwaka twaulipia).
Mwingine akataka bango barabara kuu: KARIBUNI.

Ndipo akasimama Ozella Manigault,
aproni bado kiunoni, anukia mafuta ya kukaangia,
mkononi risiti ya meza namba saba.
"Hizi senti nazitoza mimi," akasema.
"Kwetu Gantt Lane, mvua ikikutana na maji kujaa,
mtaro hutapika. Natoka nyumbani viatu mkononi
kwenda kumpikia mgeni.
Mgeni aje, mwenyeji apone. Haya, wamekuja.
Sisi tunapona lini?"

Mwanasheria wetu, Culpepper, kijana mpole,
alifungua kitabu penye kijikaratasi cha njano.
Sheria yaruhusu, akasema, njia ya ufukweni,
jumba la utamaduni, tangazo, polisi wa msimu,
barabara impelekayo mtalii aendako.
Mtaro wa Gantt Lane haumpeleki mtalii popote.
"Fedha ya mgeni sharti imrudie mgeni."
Hakusema kwa ubaya. Alisema
kama mtu asomaye kipimajoto.

Kimya. (Kimya hakiandikwi.)

"Na makaburi?" akauliza Diwani Drayton,
ambaye miezi minane sijamwandika hata neno.
Katikati ya Gantt Lane wamelala watu wa zamani za utumwa
na watoto wa watoto wao, juu yao kombe za pwani,
sahani zilizovunjwa makusudi, saa zilizosimamishwa.
"Tukiweka kibao cha historia,
mtaro si mtaro tena. Ni njia ya kwenda kwenye kivutio."
Culpepper akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua.
Akaitikia kwa kichwa.

Nilimtazama Ozella. Nyanya yake yuko pale,
chini ya saa ya mezani isemayo saa kumi na dakika tano
tangu alfajiri aliyokata roho.
Ili maji yatoke, wageni waingie.
Alikunja risiti mara mbili, mara nne,
ikawa ndogo kama punje ya mchele.
"Basi liandikeni jina lake sawasawa," akasema.
"Binah. Lina h mwishoni."

Wanne kwa watatu. Likapita.

Machi wakaja na kijiko, wakaja na mabomba,
zege jeupe, kingo zimenyooka kama ukurasa wangu,
toka barabara kuu hadi lango la makaburi.
Futi moja zaidi hawakuchimba.
Hapo utalii uliishia, na fungu likaishia hapo.
Nyumba ya Ozella ni ya tatu kupita lango.

Juzi mvua ilinyesha. Nilikwenda kutazama, si kikazi.
Marehemu wako pakavu.
Mume na mke wenye miavuli ya hoteli
walikuwa wakiipiga picha saa ya Binah.
Naye mjukuu akaja toka upande wa pili,
maji magotini, viatu mkononi,
akapanda juu ya zege, akajifuta miguu, akavaa.
Walimuuliza wapi hapa mtu aweza kula vizuri.

Akawaelekeza.