Hesabu ya Saa Tisa Usiku

Saa nane usiku nimejidunga yuniti nne,
maana usiku ndipo tumbo hukubali mazungumzo.
Nikala nusu ya kiazi kitamu, nikanywa maziwa lala.
Saa nane na nusu kiazi kimerudi
kama mpangaji aliyesahau ufunguo.
Sasa niambie, wewe uliyefuzu hesabu:
nne kutoa kilichorudi ni ngapi?
Nani atapima beseni?

Dawa haitapikiki. Hiyo ndiyo shida.
Chakula kina mlango wa kutokea;
insulini imeshaingia, inazunguka humu ndani
kama kanjo anayewinda wachuuzi,
na asipowakuta huzoa chochote:
nguvu za magoti,
majina ya watu,
mwanga wa macho.

Umoja imelala, au inajifanya.
Stima imepotea tangu jioni.
Chupa zangu za dawa ziko kwa Bi. Sabdia, ghorofa ya chini,
ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa.
Kila jioni huumwagia maji kikombe kimoja,
haulizi, hasemi pole.
Akinipisha kwenye ngazi huziba chupa yake ya udi kwa kiganja.

Wiki ya kumi na moja.
Nimejua harufu ambazo sikuziomba:
harufu ya sarafu, ya pazia,
ya mvua kabla haijaamua kunyesha.
Saa kumi na moja mafuta ya Kageha wa mandazi yataanza kuchemka
na mimi nitakuwa magotini.
Kageha hana kosa. Ana karo ya kulipa.

Wambua ameitoa sabuni yake nyumbani.
Anaoga kwa maji matupu, anakwenda kazini hivyo hivyo.
Ugali anaula amesimama kwenye ngazi,
kisha anasukutua mara mbili ndipo aingie.
Nampenda kwa hayo.
Sijapata nguvu ya kumwambia.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Mwala:
«Ng'ombe haelemewi na nunduye, mwanangu.»
Nikasema, ndiyo mama.
Simu ilipokatika ndipo nikamjibu:
nundu haimtapishi ng'ombe.
Nundu haimdai damu ya kidole
mara saba kwa siku.

Daktari alisema, kula kidogo kidogo,
akiitazama karatasi.
Nesi Jerotich ndiye aliyevuta kiti,
akaniangalia midomo iliyopasuka, akasema:
«Maji yakikataa kukaa, usingoje kupambazuke.
Njoo. Njoo hata na beseni lako.»
Nililia pale pale, kwenye benchi la watu wengi,
kwa sababu ya hilo neno beseni.

Sasa saa tisa. Tochi ya simu. Kitone.
Mita inasema tatu nukta moja.
Mikono inacheza ngoma isiyo yangu,
jasho limeloa shuka, na jina la mtaa huu
nilikuwa nalo sasa hivi, liko wapi?
Wambua amefungua asali,
ananipaka kwenye ufizi kwa kidole,
taratibu, ndani ya shavu,
kama mtu anayemwonjesha mtoto mchanga dunia.

Ee sukari!
Miaka kumi na minne nimekukwepa harusini na matangani,
nimekutilia vidole kikombe baada ya kikombe,
na leo nakung'ang'ania kwa ulimi kama mwizi wa mzinga.

Na wewe uliyeko humo, usiye na jina,
mkubwa kama ndimu, kwa maneno ya Jerotich,
sijui kama unasikia. Sikuombi ushukuru.
Nakuomba tu dakika kumi na tano:
usipindue kitu.

Tunangoja.
Mbwa wa mlinzi anabweka, ananyamaza.
Mate yanajaa. Nameza. Yanajaa. Nameza.
Kidole kingine, kile chenye sugu.

Nne nukta mbili.

Hatushangilii.
Wambua anafungua daftari la duka, ukurasa wa madeni,
analamba ncha ya penseli, anaandika:
saa tisa na dakika ishirini, asali kijiko kimoja.
Anangoja kidogo, ananitazama koo,
kisha anaongeza neno:
imekaa.