Usilazimishe

Ufunguo umeingia, ukakaa.
Haugeuki kushoto, haugeuki kulia,
kama mtoto aliyeambiwa nenda kaombe radhi
akasimama mlangoni, kidole kinywani.

Karafuu zetu zimeanikwa Mtambwe, majamvi manne,
na wingu la upande wa Fundo limeshaanza kuinama.
Faki anapiga simu kutoka huko: "Mwaja au hamji?"
Nikamwambia, nyumba imekataa kuondoka.

Ndiyo, nyumba. Wete nzima wanaijua:
gari la Mjarumani, lililoteremshwa Mkoani
mwaka ule meli ilipochelewa siku tatu.
Kitanda nyuma, jiko la gesi la macho mawili,
pazia nililishona kwa kanga iliyopotelewa na mwenzake,
maneno yake yamekatikia njiani: SINA WIVU ILA,
yaliyobaki yameliwa na pindo.
Kila msimu ndilo dago letu, shamba hadi shamba.
Humo tulikula fungate, mie na Shaame,
si siku saba, siku ishirini na mbili,
maana injini ilizimika Kinyasini
na hatukuwa na haraka ya kumtafuta fundi.

Sasa Shaame yuko Unguja, kafungwa bandeji jichoni.
Kaniachia ufunguo na neno moja:
usilazimishe.

Fundi Hatibu wa Limbani kaja na nyundo na bisibisi.
"Tuivunje hii swichi, tuunge nyaya mbili,
utawasha kama taa ya msalani."
Nikasema, hatuvunji.
Kachungulia tundu kwa tochi ya simu, kanusa,
kanitazama.
"Nani katia mafuta ya nazi humu?"
Nikaangalia tairi.
"Mafuta ya nazi yanafaa nywele, Bi Mize.
Kitasa hakina nywele.
Yameshika vumbi, yamekuwa uji."

Kapuliza, kapangusa, kapuliza tena.
Kaitisha penseli. Nassor katoa yake mkobani,
ya shule, imetafunwa mkiani.
Fundi kaisugua risasi yake juu ya meno ya ufunguo
hadi yakawa meusi kama ya mla tambuu wa zamani.
"Shika usukani, utikise. Tairi limebana jiwe,
usukani umelalia kufuli yake."
Nikatikisa. Kikalia kitu ndani, kidogo,
kama mtu aliyegeuka usingizini.
Ufunguo, bado.

Tukajaribu ule mpya, uliochongwa Darajani,
unang'aa, meno makali,
na haujui lolote.
Fundi kacheka: "Huu wa zamani umelika, na kitasa kimelika,
wameliana miaka yote hiyo.
Mgeni ataingia wapi?"

Hapo mkono wangu ukakumbuka
jambo ambalo mie sikujua kuwa nalijua.
Miaka kumi na tisa nimekaa kiti cha kushoto
nikimenya machungwa, nikimsikia Shaame:
anausukuma ufunguo mpaka mwisho,
kisha anaurudisha nyuma, unene wa ukucha,
kama mtu aliyetaka kusema neno
akaliweka kwanza ulimini.
Halafu ndipo anageuza.

Nikausukuma. Nikaurudisha, unene wa ukucha.
Nikatikisa usukani kwa mkono wa pili.
Nikageuza.

Taa nyekundu. Taa ya mafuta. Mngurumo,
na masufuria kabatini yakapiga makofi.
Fundi kasema alhamdulillahi, kisha kasema elfu kumi.

Kwa barabara, Mtambwe ni kuizunguka ghuba yote.
Tulipofika jamvi moja lilikwisha rowa,
matatu tuliyawahi, tukamimina karafuu kitandani,
juu ya godoro, juu ya mito, kila mahali.
Injini sikuizima. Saa mbili nzima inanguruma peke yake
chini ya mikarafuu, inakunywa dizeli,
na Faki anauliza kama nina wazimu.

Usiku kapiga simu mwenye jicho moja.
"Swichi ilisumbua?"
"Kidogo."
"Ulilazimisha?"
"Sikulazimisha."
Habari ya mafuta ya nazi sikuigusa.
Nililala kwenye jamvi, sakafuni,
na nyumba nzima inanukia karafuu mbichi,
ufunguo umo ndani ya swichi, naogopa kuuchomoa.