Mabakuli

Jina lake ni pipa, na usicheke:
si lile la kukingia maji ya mvua,
ingawa hili nalo, utaona, hutiwa kitu.
Ni mti uliochongwa mfano wa nusu papai,
nyuzi nne, shingo iliyopinda kwa nyuma,
na mpigaji hulipakata wima
kama mtoto anayekataa kulala.

Mjini Xuzhou, ghorofa ya tano, lifti hakuna,
Wenbo wa miaka kumi na mitatu anafunga kucha za plastiki
vidoleni kwa plasta, moja moja, akipuliza viganja.
Mtihani ni Jumamosi.
Kijitabu kimekwisha mweleza kila kitu:
sehemu ya pili, ngoma za majemadari;
ya nne, farasi wanavuka mto;
ya saba, panga kwa panga.
Amepigia mistari kwa wino mwekundu.

Anapiga.
Kwato, kwato, maji, kwato.
Vidole vitano vinafukuzana hadi havihesabiki,
kisha anazipandanisha nyuzi mbili, moja juu ya nyenzake,
chaka! chaka! vyuma vinaumana,
na jirani wa chini anagonga bomba kwa kijiko.

Bi Ruan anabangua mbegu za alizeti. Hamtazami.
"Farasi wako wazuri," anasema. "Wameshiba.
Sasa rudia ya saba. Bila panga."

"Bila panga, Mwalimu, kitabaki nini?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Ua wetu ulikuwa jiko lao.
Vita vyenyewe sikuviona. Vilikuwa nyuma ya mashamba ya ngano,
vikinguruma kama tumbo la mtu mwingine.
Kazi yangu mabakuli.
Jioni nayapanga, mia na arobaini, alfajiri nayaosha."

(Lugha yangu inanichezea hapa:
panga za kukata, na kupanga, kuweka vyombo kwa safu.
Yeye hakujua. Alisema kwa Kichina.)

"Mabakuli mawili yakigongana ndani ya maji ya baridi...
lete hapa."
Analipakata. Hana kucha za plastiki,
ana ncha za vidole tu, ngumu kama kokwa.
Chaka.
"Mlio huu. Siku ya kwanza yalinichukua asubuhi nzima.
Siku ya sita nilimaliza kabla jua halijafika ukutani.
Nikafurahi.
Umenisikia? Nikafurahi. Nikaenda kucheza."

Wenbo anainamia karatasi, anahesabu kwa kidole.
Mstari wa kwanza, michako tisa.
Saba. Saba tena. Minne.
Pembeni kijitabu kimeandika: *adui anarudi nyuma.*

"Kwa hiyo aliyetunga alikusudia mabakuli?"

"Aliyetunga kafa miaka mia tatu iliyopita. Nitajuaje?
Pengine panga. Jumamosi wakikuuliza, jibu panga,
upate alama zako, mama yako asinipigie simu."
Anajipangusa maganda mapajani.

Kijana anaanza upya kutoka kwenye mto.
Farasi safari hii wanapita mbali, hata si wengi.
Sehemu ya saba anaingia polepole,
kama anayetia mkono katika beseni asiloona chini yake.
Tisa.
Saba.
Saba.
Wa kwanza, wa pili, wa tatu,
hapo anangoja,
anangoja kupita wino unavyoruhusu,
na bomba la jirani liko kimya,
na Bi Ruan ana mbegu moja katikati ya meno,
hajaivunja.