Tope la Ngozi

Leo siku ya nne tangu nirudi Kimara
na viatu bado vimo kwenye karai, uani.
Tope lake jeusi halitaki kuachia soli.
Nimelichokonoa kwa njiti, kwa kijiko kibovu,
kwa mswaki wa zamani wa marehemu mume wangu
(niwie radhi, Gwakisa, ndio uliokuwa karibu).

Bomba limekauka tangu Jumanne.
Ndoo ni mia tano kwa kijana wa mkokoteni,
nami nimemwaga ndoo nzima kuosha viatu.
Mwanahija wa chumba cha pili ameniona.
"Hivi kule Mbeya ulifuata nini, shoga?"
Kuangalia maji, nikamwambia.
Akacheka mpaka kanga ikamfunguka.
"Kutwa nzima ndani ya basi, kuangalia maji!
Uliyaoga?"
Sikuyaoga.
"Uliyanywa?"
Sikuyanywa.
"Basi hata chupa moja?"
Hata chupa.

Nimweleze vipi Mwanahija
kwamba njia ilianza kwenye viazi vya watu,
ikaingia msituni, ikawa mizizi mitupu,
ngazi iliyojengwa na fundi mlevi;
kwamba Lugano, kijana aliyetuongoza, alivaa ndala
na hakuteleza hata mara moja,
nami na buti zangu za mtumba za Karume
nilikaa chini mara tano,
na mara ya sita nikawaambia nendeni, mtanikuta.
Niliinuka kwa aibu. Nguvu zilikuwa zimekwisha.

Kisha miti ikakoma.
Ghafla tu, miti ikakoma,
na chini, mbali kabisa chini,
ziwa.

Rangi ya chupa ya soda iliyovunjika.
Hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka.
Lugano akasema mlima ulilipuka
kabla hajakuwapo mtu wa kuogopa,
likabaki shimo,
na shimo halikufanya kitu,
lilingoja mvua.
Nikauliza, watu hushuka?
"Kushuka wanashuka, mama.
Kupanda ndiyo habari nyingine."

Miaka ishirini na miwili Gwakisa
alinieleza ziwa hili kwa sufuria.
Tukishakula alichukua sufuria ya ugali, akaiinamisha chini ya taa:
huu ukingo, hapa msitu, na maji yako huku, unaona?
Niliona ukoko.
Tutakwenda, alisema, mvua zikipungua.
Tutakwenda, Bupe akimaliza kidato cha nne.
Bupe amemaliza, ameolewa, ana mapacha.
Mvua zimepungua mara ngapi, sikuhesabu.

Pale ukingoni nilitaka kulia, ikashindikana;
wenzangu walikuwa wanapiga picha
na mmoja akaniomba nisogee kidogo, nimeziba maji.
Nikasogea.
Nikala yai langu la kuchemsha.
Nikafikiria jina lile, Ngozi,
ngozi changa iliyotanda juu ya donda,
laini, inang'aa,
na ole wake atakayeigusa mapema.
Nikafunga maganda ya yai kwenye leso,
nikageuka, nikaanza kuteleza kurudi.

Haya yote sijamwambia Mwanahija.
Nimemwambia kuna baridi, achukue sweta.
Amechuchumaa mbele ya karai,
kanga ameifunga upya, kwa nguvu.
Anatazama tope linavyotuama,
maji ya juu yanavyoanza kuwa meupe,
na uso wake umo mle, na kipande cha bati, na mawingu.
Amekaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake.
"Sweta ninalo," anasema.
Halafu, bila kuniangalia:
"Nauli shilingi ngapi?"

Mkokoteni unapita tena nje, madumu yanagongana.
Sijamwita.
Kiatu cha kulia kimesafika.
Cha kushoto nimekianika hivyo hivyo.