Jicho la Karani

Jumatatu aliingia kazini jicho moja limefumba nusu,
kama mtu anayesoma bei asiyoiamini.
Nikacheka. Karani, jana ulikesha wapi?
Hapa mashineni Buguruni sote macho mekundu:
pumba inatua kwenye kope, unga unaingia mpaka kwenye chai.
Nikadhani na yeye ni vumbi tu.
Atajiramba mkono, atajipangusa, yataisha.

Jumanne, tongotongo.
Si lile la asubuhi, kavu, la kahawia, kama punje ya ulezi,
ambalo paka yeyote huamka nalo na halina neno.
Hili lilikuwa la njano, linavutika kama ulimbo wa fenesi.
Nikilifuta, linarudi.
Na kwenye kona ya ndani, karibu na pua,
utando mweupe ulikuwa umepanda,
pazia lililovutwa nusu na mtu aliyeghairi.
Miaka sita namlisha dagaa
sikujua kama paka ana pazia.

Akahama mlangoni kwenye mwanga,
akaenda kulala nyuma ya magunia ya dona.

Sikudhani wa maandazi akasema,
mkamulie maziwa ya mzazi, litafunguka lenyewe.
Mchumila wa mizani akatoa kichupa mfukoni,
masalio ya mwaka ule jiji zima liliugua macho.
Matone mawili tu, akasema, mimi yaliniponya.
Nikafungua kifuniko.
Kovu hili kifundoni ni la dakika ile:
Karani alinichana kabla tone halijadondoka.

Jumatano alirukia mizani, akaikosa.
Paka. Akaanguka chali kwenye pumba,
akainuka akajifanya ndivyo alivyotaka.
Hapo sikucheka.

Usiku, umeme umekatika, nikamsogelea na mshumaa.
Mboni ya jicho zima ilikuwa imetanuka, nyeusi, duara, kishikizo cha koti.
Ya jicho bovu ilibaki uzi.
Na juu yake ukungu, wa bluu kidogo,
kama glasi iliyooshwa kwa maji ya kisima chetu.

Alhamisi nikavua aproni foleni ikiwa mlangoni.
Mzee Likwati, mwenye mashine, akauliza kwa sauti, wateja wasikie:
Daktari wa mifugo? Kwani paka huyu anatoa lita ngapi?
Walicheka mpaka wenye ndoo kichwani wakazishusha.
Nikamtia Karani kwenye boksi la sabuni, nikaita bajaji.

Tabata, nyuma ya duka la chakula cha kuku,
Daktari Namnyaki alimdondoshea rangi ya chungwa jichoni,
akazima taa, akawasha kijitaa cha bluu.
Mkwaruzo ukang'aa kijani, mrefu, uliopinda,
njia ya konokono juu ya kioo cha jicho.
Ukucha, alisema. Wa mwenzake, pengine.
Nikamwonyesha kichupa cha Mchumila.
Akakisoma. Akakiweka mezani polepole sana.
Hii inaondoa wekundu, alisema,
lakini penye kidonda kama hiki inakisaidia kidonda kula.

Kisha, akiwa ananawa mikono, amenipa mgongo:
Akifumba jicho, akitoka usaha,
likiingia ukungu, mboni zikipishana,
usiihesabu kesho. Njoo siku hiyo.

Nikahesabu za nyuma. Jumatatu. Jumanne. Jumatano.
Vidole vitatu.
Hakuniuliza; nilivikunja mwenyewe ndani ya mfuko wa suruali.

Wiki tatu nilimtia dawa mara nne kwa siku,
kola ya plastiki shingoni, mdomo juu,
mashine ndogo ya kusaga inayotembea na kunitukana.
Mzee Likwati ndiye aliyemshika miguu.
Hakuuliza tena habari za lita.

Jicho lipo.
Kovu limebaki, jeupe, dogo kuliko chenga ya mchele,
na kwa upande ule hanioni nikija; hushtuka.
Kwa hiyo asubuhi, kabla sijawasha mota,
nazunguka magunia,
namjia kwa upande wa pili.