Daftari la Luku

Julai, Uyole. Vyumba sita, mita moja,
na mimi ndiye mwenye daftari.
Hakuna aliyenichagua. Nilikutwa na kalamu.

Mita iko ukutani, jirani na mlango wa choo,
kijitaa chake chekundu kinakonyeza
kama mtu anayeijua siri yako.
Umeme wa elfu kumi tumeuweka Jumapili,
Jumatano tunapapasa viberiti.
Mwashambwa wa chumba cha nne akasema,
mswaki mdomoni: "Ni friji lako hilo."

Friji langu! Lina nyanya nne
na chupa ya maji ambayo mwezi wa saba
hakuna koo Uyole linaloitamani.
Nilinuna kutwa. Usiku nikalichomoa,
nyanya nikazipanga dirishani.
Hazikuoza.
Baridi ya Mbeya inagawiwa bure mlangoni
na mimi miaka mitatu nimekuwa nikiinunua.

Basi nikaanza kuchungulia.
Hita ya ndoo: ukiichovya tu, namba zinakimbia
kama mbuzi aliyekata kamba.
Nikawaambia, anikeni ndoo juani tangu asubuhi,
jioni hita itakuta kazi nusu imeisha.
Pasi: nguo zote Jumamosi, kwa moto mmoja,
siyo kila alfajiri shati moja.
Taa ya uani ilikuwa ikiwaka hadi saa tatu,
inalimulika jua.
Walinicheka. Wakaniita Bi Uniti.
Lakini wiki ile tulifika Ijumaa.

Gesi ilikuwa kisa kingine. Mtungi mdogo
ulinikimbia kila baada ya wiki tatu,
hadi mama alipokuja kutoka Makete
na mablanketi mawili na mdomo wake.
Alinikuta nachemsha maharage makavu.
Akazima jiko, hakuniomba.
"Unayaadhibu kwa kosa gani?"
Akayaloweka, yakalala.
Kesho yake yakatokota robo saa na ushee,
akafunika sufuria, akaizamisha
kwenye kapu lenye nyasi kavu,
akalifunga blanketi kama anabeba mjukuu.
Nikaenda sokoni, nikabishana bei ya vitunguu,
nikarudi. Jiko baridi kama jiwe la mtoni,
maharage laini, yanafuka.
"Joto ni mgeni," akasema. "Usipomfungulia mlango, haondoki."

Hata hivyo hesabu zangu zilikuwa na tundu.
Kila usiku, kati ya saa nane na saa kumi,
uniti mbili zinapotea.
Si hita. Si pasi. Nani anapika saa hizo?
Usiku wa tatu nikakaa barazani,
umande unanipanda miguuni,
nikaona wekundu chini ya mlango wa chumba cha sita.
Nikagonga, hasira yangu nimeishika kama fimbo.

Ambakisye akafungua.
Jiko la koili lilikuwa linawaka, halina sufuria.
Nyuma yake Tumpe, macho ya siku nyingi,
na mtoto aliyewahi mno kuja,
mkono wake wote unaenea kwenye kidole changu.
"Tumeambiwa asipoe," akasema.
Daftari nilikuwa nalo kwapani. Nilisahau kulificha.

Nikamwamsha mama. Hakusema mengi.
Alimvua mtoto fulana, akambakizia kofia na nepi,
akamlaza kifuani pa Tumpe, ngozi kwa ngozi,
akawafunga pamoja kwa khanga,
na juu yake blanketi lile la kapu,
bado lina harufu ya maharage.
Koili ikazimwa. Tukasikiliza.
Alipumua.

Siku hizi chumba cha sita kinalala gizani,
isipokuwa usiku wa jalidi,
Tumpe akichoka na Ambakisye yuko lindo.
Asubuhi ya leo tena, uniti mbili.
Mwashambwa akaja na mswaki wake:
"Haya, Bi Uniti. Nani amekula?"

Nikafungua daftari, nikaandika mbele yake,
kwa herufi kubwa:
friji langu.